Mfalme Aliyeishtaki Lugha

Katika mdahalo wetu wa muhula uliopita, hoja iliyowekwa mezani ilikuwa hii: utawala wa mtu mmoja mwenye hekima ni bora kuliko utawala wa wengi wasio nayo. Mwenzangu aliyeitetea hakutafuta mfano kwenye ramani ya dunia. Alitupeleka Doriath, ufalme wa Waelfi katika hadithi za J.R.R. Tolkien. Huko, alisema, kulikuwa na mfalme asiyezeeka, malkia aliyeona mambo kabla hayajatokea, mpaka ambao adui hakuweza kuuvuka, na msitu uliokaa kwa amani mamia ya miaka huku nchi za jirani zikiungua. Ukumbi ulimpigia makofi. Mimi nilikuwa upande wa upinzani, nikapewa dakika tano, na tukashindwa vibaya.

Kushindwa hakukuniuma. Kilichoniuma ni neno alilolisema mhadhiri wetu alipokuwa akifunga mdahalo. Alisema sisi wanafunzi wa Kiswahili tungepaswa kuwa wa kwanza kumshangilia Mfalme Thingol wa Doriath, kwa kuwa ndiye aliyepiga marufuku lugha ya wageni na kuiwezesha Beleriand yote kupata lugha moja. Kwa heshima yote niliyo nayo kwa mwalimu wangu, napinga. Napinga kwamba Doriath ilikuwa na utawala bora, na napinga zaidi kwamba amri ile ya lugha ilikuwa fahari yake. Kwangu mimi, amri hiyo ndiyo inayotuonyesha ugonjwa ambao baadaye uliiua Doriath yenyewe.

Wapo ambao hawajasoma Silmarillion, kitabu kilichotoka mwaka 1977, miaka minne baada ya mwandishi wake kufariki. Kwao nitasimulia kidogo. Kwanza, Waelfi si majini. Wana miili, wanaoa na kuolewa, wanakula, na upanga unawaua kama unavyotuua sisi. Tofauti ni kwamba uzee na maradhi havina njia kwao. Wala hawahusiani na elfu ya hesabu, ingawa kwa bahati ya kuchekesha mji mkuu wa Doriath, Menegroth, jina lake maana yake ni Mapango Elfu.

Mfalme wa huko hapo mwanzo aliitwa Elwë. Alikuwa mmoja wa wajumbe watatu wa Waelfi waliochukuliwa kwenda kuiona nchi ya nuru ya Magharibi, Valinor, kisha wakarudi kuwahimiza watu wao wahamie huko. Safari ilikuwa ndefu. Njiani, katika msitu wa Nan Elmoth, Elwë alikutana na Melian, ambaye hakuwa Mwelfi bali mmoja wa Maia, roho zilizokuwako kabla ya dunia kuumbwa. Akamshika mkono, na wawili hao wakasimama pale pale, kimya, miaka ikapita. Watu wake wakamtafuta. Wengi walichoka, wakamfanya nduguye Olwë kuwa mfalme wao, wakavuka bahari. Waliokataa kuondoka bila Elwë wakabaki nyuma na kujiita Watu Walioachwa. Alipoibuka msituni akiwa na mke, walimpokea kwa furaha, akawa Elu Thingol, mfalme wa Sindar, yaani Waelfi wa Kijivu. Kwa hiyo historia ya ufalme huu inaanza na kiongozi aliyetoweka kazini kwa miaka mingi, na aliporudi hakuna aliyemwuliza alikuwa wapi. Sisemi hivyo kwa mzaha tu. Watu waliojifunza kungoja kwa namna hiyo ni rahisi sana kutawaliwa.

Haki yake nitampa. Miaka ya mwanzo ya Doriath ilikuwa mizuri. Menegroth ilichongwa kwa msaada wa Wadwafi wa Belegost, wale mafundi wafupi wanaoishi chini ya milima (sitawaita mbilikimo, jina hilo tumewabandika binadamu wenzetu na limekwisha kuwaumiza vya kutosha). Wadwafi walilipwa kwa lulu, na mojawapo, iliyoitwa Nimphelos, ilikuwa kubwa kama yai la njiwa. Kazi ilifanyika, malipo yakatolewa, kila upande ukaridhika. Wasomaji wayakumbuke malipo haya.

Kisha vita vikaja. Katika vita vya kwanza vya Beleriand, Waelfi wa Kijani wa Ossiriand walikuja kumsaidia Thingol wakiwa na silaha hafifu. Mfalme wao Denethor alizingirwa juu ya kilima cha Amon Ereb akauawa kabla Thingol hajamfikia. Thingol alilipiza kisasi kikali, lakini aliyekufa alikuwa amekwisha kufa. Baada ya hapo yakatokea mambo mawili ambayo watetezi wa Doriath hutaja moja tu. La kwanza, Melian alitumia nguvu zake kuizungushia Doriath uzio usioonekana, Mshipi wa Melian, ambao hakuna aliyeweza kuupita bila ridhaa yake au ya mfalme, isipokuwa mwenye nguvu kumzidi Melian mwenyewe. La pili, Waelfi wa Kijani hawakumtawaza mfalme mwingine tena. Waliomzika Denethor waliamua kuishi bila kiti cha enzi, na waliishi hivyo. Mwenzangu katika mdahalo alisema Waelfi hawakujua njia nyingine ya kujitawala. Walijua. Ilikuwa upande wa pili wa mto.

Sasa tutazame serikali yenyewe ya Doriath. Kulikuwa na Beleg, mkuu wa walinzi wa mipaka. Kulikuwa na Mablung, jemadari. Kulikuwa na Daeron, mwimbaji na mtaalamu aliyebuni herufi ambazo, kwa ajabu, Wadwafi walizithamini kuliko Sindar wenyewe. (Hapo pana somo la isimujamii, lakini tuliache.) Kulikuwa na Saeros, mshauri. Na juu ya wote alikuwako Melian, ambaye kwa maarifa hakuwa na mfano katika Beleriand yote. Ushauri haukuwa haba. Kilichokosekana ni ushauri wenye uwezo wa kumzuia mfalme. Melian alimwonya kuhusu Noldor, hakusikilizwa ipasavyo. Alimwonya kuhusu Beren, hakusikilizwa. Alimwonya kuhusu kito cha Silmaril, hakusikilizwa. Kila mara malkia anasema lililo kweli, mfalme anatenda alilokusudia, na malkia ananyamaza. Wanaosema Doriath ilitawaliwa kwa hekima wanachanganya kuwa na hekima ndani ya nyumba na kuwa na hekima katika sheria. Hekima ya Melian ilikuwa kama pambo la ukutani.

Tuje kwenye lugha.

Noldor walikuwa Waelfi waliokwisha kufika Valinor na kukaa huko, kisha wakarudi Beleriand kumfuatia Morgoth, aliyeiba vito vyao. Ili kupata merikebu za kurudia, Fëanor na waliomfuata waliivamia bandari ya Alqualondë, ambako watu wa Olwë, yule nduguye Thingol, walikataa kuwapa merikebu zao. Wengi waliuawa. Yaitwa Mauaji ya Ndugu, na ndivyo yalivyokuwa. Noldor walipofika Beleriand hawakumwambia Thingol. Yeye aliwaruhusu kukaa Hithlum, Dorthonion na nchi za mashariki, akijiita bwana wa Beleriand yote. Maedhros, mwana wa Fëanor, alicheka aliposikia, kwa sababu Thingol alikuwa anawagawia ardhi ambayo mkono wake haukuifikia. Naichukia nasaba ya Fëanor kama msomaji yeyote, lakini hapo Maedhros alisema kweli.

Miaka kadhaa baadaye siri ikafichuka. Thingol alikuwa amewakaribisha Finrod na ndugu zake nyumbani kwake, akawashutumu kwa kumficha mauaji. Finrod alinyamaza, maana hakutaka kujitetea kwa kuwashtaki wengine. Angrod, nduguye, akashindwa kuvumilia akasema yote. Nani hao waliokuwa wakishutumiwa? Ni watoto wa Finarfin na Eärwen, na Eärwen ni binti wa Olwë. Waliouawa Alqualondë walikuwa watu wa babu yao mzaa mama. Hawa hawakumwaga damu hiyo. Iliyomwagika ilikuwa ya kwao pia.

Na Thingol alilijua hilo! Ndilo linalonifanya nisiweze kumsamehe. Hukumu yake kwa watu ilikuwa ya haki. Aliwaambia wajukuu wa nduguye waondoke kwa muda kwa sababu moyo wake ulikuwa unawaka, lakini hatawafungia mlango milele. Alisema hata na Fingolfin na watu wake ataendelea kuwa rafiki, kwa kuwa walikwisha kuteseka kwa kosa lao. Aliweza basi kumtofautisha mtu na mtu, aliyeua na asiyeua. Kisha, akiisha kuwasamehe watu, akaihukumu lugha. Kikwenya, lugha ya Noldor, kisisemwe tena hadharani katika himaya yake. Sindar wote wasikiseme wala kukiitikia. Atakayekitumia ahesabiwe kuwa muuaji wa ndugu asiyetubu.

Tusome amri hiyo polepole, kama tunavyofundishwa kusoma sheria. Kosa si kuua, kosa ni kutamka. Ushahidi wa kosa ni ulimi. Mtoto wa Kinoldor aliyezaliwa Hithlum baada ya mambo hayo yote, akimwita mama yake kwa neno alilomfundisha mama yake, ni muuaji asiyetubu. Fëanor mwenyewe, aliyeanzisha umwagaji ule wa damu, angekuwa bado yuko hai na angejifunza Kisindari, amri isingemgusa.

Tena itazame mipaka yake. Mshipi wa Melian uliwalinda waliokuwa ndani tu. Sindar wa pwani na wa nyikani waliobaki nje walijilinda wenyewe au walilindwa na hao hao Noldor. Lakini amri ya lugha haikuishia kwenye Mshipi. Iliwafuata Sindar wote mahali popote walipokuwa. Ulinzi wa mfalme ulikuwa na mpaka, na amri yake haikuwa nao.

Hoja ya mhadhiri wetu ni kwamba matokeo yalikuwa mema: Noldor wakajifunza Kisindari, makabila yakaelewana. Kama ni kwa sababu ya amri, ningenyamaza. Lakini kabla ya amri, mwaka wa ishirini wa Jua, Fingolfin aliandaa karamu kubwa ya kuwapatanisha Waelfi wa makundi yote kando ya madimbwi ya Ivrin. Thingol hakwenda, aliwatuma Mablung na Daeron tu. Na katika karamu hiyo lugha iliyosikika zaidi, hata vinywani mwa Noldor, ilikuwa Kisindari, kwa sababu Noldor walikuwa wepisi wa kujifunza lugha ya nchi waliyoingia kuliko Sindar walivyokuwa wepisi wa kujifunza ya wageni. Kisindari kilikuwa kinasambaa chenyewe, kwa karamu, kwa biashara, kwa urafiki, kwa ndoa. Amri ilikuja kuichapa punda aliyekuwa tayari anakwenda. Ilichoongeza ni aibu. Watu walibadili majina: Findaráto akawa Finrod, Angaráto akawa Angrod, Turukáno akawa Turgon. Turgon huyo alipoujenga mji wake wa siri aliuita kwanza kwa Kikwenya, Ondolindë, ndipo dunia ikaujua kwa Kisindari kama Gondolin. Lugha ilihamia kwenye vyumba vya ndani.

Tolkien alijua alichokuwa anakiandika. Alikuwa profesa wa lugha huko Oxford, na mwenyewe alieleza kwamba lugha zilitangulia, hadithi zikafuata ili lugha zipate watu wa kuzisema. Kikwenya alikichonga akiwa amependezwa na Kifini, na Kisindari akiwa amependezwa na Kiwelisi. Na Kiwelisi ni lugha ambayo watoto wa shule huko Wales, katika karne ya 19, walivishwa kipande cha mti shingoni kwa kuisema. Aliyekuwa nacho mwisho wa siku ndiye aliyeadhibiwa. Yaani ile lugha ambayo hadithini inapewa nguvu ya sheria dhidi ya nyingine, ina sauti ya lugha iliyowahi kuning'inizwa shingoni mwa watoto. Sijui msomaji anasikiaje hapo. Mimi nilisikia shingo yangu. Katika shule yangu ya msingi kilikuwapo kibao kama hicho, kilichofungwa kwa kamba ya katani. Ukisema Kiganda nje ya kipindi, unakivaa mpaka umnase mwenzako. Nilimnasa rafiki yangu wa karibu kwa kumkanyaga mguu makusudi, maana nilijua atalia kwa lugha ya mama yake. Kibao kilifanya kazi yake.

Hapa ndipo mwalimu wangu alipotugusa sisi wa Uganda, pengine bila kukusudia. Jjajja wangu, yaani bibi yangu, nilipomwambia nimechaguliwa kusomea Kiswahili, alikaa kimya kidogo kisha akauliza kwa nini nataka kujifunza lugha ya wenye bunduki. Hakuwa mjinga wala mbaguzi. Kwa watu wa umri wake Kiswahili kilikuwa sauti ya kambi ya jeshi, ya kizuizi cha barabarani, ya mlango unaogongwa usiku. Alimpoteza ndugu katika miaka ya Amin, na waliokuja kumchukua walisema Kiswahili. Uchungu wake ni ule ule wa Thingol, nami siudharau uchungu wa yeyote kati yao. Lakini mwaka 1979 wanajeshi wa Tanzania walioingia Kampala na kumng'oa Amin walisema lugha gani? Jjajja alinyamaza tena nilipomwuliza hivyo. Kisha akasema hao walikuwa na Kiswahili kizuri.

Ndiyo maana siwezi kushangilia. Hoja ya Thingol ndiyo hoja ambayo kila mwanafunzi wa Kiswahili nchini mwetu amewahi kutupiwa usoni: lugha hiyo ni ya wauaji, ni ya wezi, anayeisema ana jambo. Tukiikubali dhidi ya Kikwenya, tutaikataa kwa mdomo gani inapoletwa dhidi yetu? Wala tusidhani kwamba amri ya kuipandisha lugha ni tofauti sana na amri ya kuishusha. Mwaka 1973 Amin aliamuru Kiswahili kiwe lugha ya taifa. Tangazo lile halikumfanya jjajja akipende. Lilimthibitishia kwamba ni cha Amin. Mwaka 2005 Katiba ilifanywa marekebisho na Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Naunga mkono hatua hizo za baadaye, kwa kuwa zinapita mahali ambapo watu wanaweza kuzihoji, kuzichelewesha, hata kuzilalamikia, na tumeona jinsi zinavyolalamikiwa. Thingol hakuwa na wa kumlalamikia.

Hilo linanirudisha kwenye mfalme asiyekufa. Mwenzangu alilihesabu kuwa faida: hakuna vita vya urithi, hakuna mrithi mpumbavu. Sawa. Lakini mfalme anayekufa huwaachia watu nafasi ya kulitazama upya kosa lake. Sheria mbaya ya marehemu inaweza kuzikwa naye bila mtu kuona haya. Thingol alisema amri yake itadumu kadiri nguvu zake zitakavyodumu, na hakukuwa na sababu ya kutazamia zikome. Katika Doriath kosa nalo lilikuwa halizeeki.

Wapo watakaonikumbusha kesi ya Túrin. Ni kweli, hapo Thingol anapendeza. Túrin, mtoto wa binadamu aliyelelewa naye kama mwana, alituhumiwa kwa kifo cha Saeros. Mfalme alikaa hukumuni, akakaribia kumfukuza bila kumsikia. Ndipo Beleg akamleta Nellas, msichana wa msituni aliyeogopa hata kukaa chini ya paa la mawe, akasema alichokiona akiwa juu ya mti. Mfalme akaigeuza hukumu yake. Ni mahakama nzuri kuliko nyingi. Lakini Nellas alifika kwa sababu Beleg alimpenda Túrin na akakimbia kumtafuta. Hakukuwa na kanuni iliyolazimisha shahidi asikilizwe kabla ya hukumu. Beleg angechelewa saa moja, haki ingekuwa imechelewa pia. Na Kikwenya hakikuwa na Beleg wa kukimbia.

Mwisho wa Doriath wanausimulia kama msiba ulioletwa na wengine: Wadwafi walafi, wana wa Fëanor wakatili. Ebu tuhesabu milango aliyoifungua mfalme mwenyewe. Alitaka Silmaril kutoka taji la Morgoth kuwa mahari ya binti yake Lúthien, akiwa na hakika kwamba Beren atakufa njiani. Melian akamwambia kwamba amemhukumu ama binti yake ama yeye mwenyewe. Binti alipotaka kumfuata mpenzi wake, baba akamfungia katika nyumba iliyojengwa juu ya mti mkubwa, Hírilorn. Wana wa Fëanor walipodai kito, Melian alimshauri akitoe. Walidai kwa jeuri, naye akakiweka kwa jeuri. Vita vikuu vya Nirnaeth vilipopiganwa na Waelfi wengine na binadamu wakafa kwa maelfu, Doriath ilitoa watu wawili, Mablung na Beleg, na hao ni kwa sababu hawakuvumilia kubaki. Kisha akawaita Wadwafi wa Nogrod wakitie kito chake katika mkufu wa Nauglamír. Walipoudai mkufu kuwa ni kazi ya mababu zao, yeye, akiwa peke yake kati yao chini ya ardhi, akawatukana na kuwaamuru waondoke bila malipo.

Wasomaji wanazikumbuka lulu. Mfalme yule yule, kabila lile lile la mafundi, mapango yale yale. Kilichokuwa kimebadilika ni kwamba kwa miaka mingi sana hakuna mtu aliyemwambia hapana na ikawa hapana. Wakamwua. Melian akauacha mwili wake wa duniani na kwenda zake, na Mshipi ukatoweka naye, kwa maana ulinzi wa nchi nzima ulikuwa ni mtu mmoja. Nogrod wakaingia, Mablung akafa akilinda mlango wa hazina. Dior, mjukuu wa Thingol, alikuja kuusimamisha ufalme upya, akaurithi pamoja na kito na ugomvi wake. Wana wa Fëanor wakamwua yeye na mkewe, na watoto wao wawili wa kiume wakaachwa msituni wafe njaa. (Sura hii aliiunganisha Christopher, mtoto wa mwandishi, kwa kuwa baba yake hakuacha maandishi kamili, na baadaye alikiri kwamba hakuridhika nayo. Ukipenda kuitilia shaka, itilie; mifupa ya kisa ni ya baba.)

Na Kikwenya? Tuondoke Beleriand, ambayo ilikwisha kuzama baharini, tuje kwenye Enzi ya Tatu, katika The Lord of the Rings, maelfu ya miaka baadaye. Msafara wa Pete unaondoka Lothlórien kwa mitumbwi. Galadriel anasimama kuwaaga, anaimba. Huyu ni binti wa Finarfin, dada yake Finrod na Angrod, mmoja wa wale waliokaa Menegroth miguuni pa Melian na kuona ndugu zake wakifukuzwa ukumbini. Anaimba kwa Kikwenya. Mumewe ni Celeborn, Mwelfi wa Doriath, wa ukoo wa Thingol mwenyewe.

Mwenzangu wa mdahalo amesoma rasimu ya makala haya na ameahidi kunijibu katika mkusanyiko ujao. Namsubiri kwa hamu. Namwomba tu aanze na hao wawili: kwa sheria ya mfalme anayemsifu, mwanamke yule anayeimba ni muuaji asiyetubu, na mumewe angevunja amri kwa kumwitikia. Atuambie kama angewakamata.